Kitu Kimoja Kisicho na Kazi ya Pili

Fond-Bambou, Lorrain, Martinique
9 Septemba 2018

Ketty mwanangu,

Barua yako imefika Jumanne. Niliisoma nimesimama palepale penye sanduku la posta, kisha nikaingia ndani nikaisoma tena nimekaa. Mimi mzima kuanzia kichwani mpaka gotini. Chini ya goti tusizungumzie. Mvua imetunyeshea wiki nzima na konokono wamejiona wenye nyumba. Gaston, jirani yangu wa kule juu mlimani, anakusalimu. Amewekewa meno mapya na sasa anacheka hata penye maziko. Ile simu uliyonitumia ipo, nimeifunika kitambaa isipate vumbi. Msimamo wangu unaujua: simu ni ya misiba, barua ni ya walio hai.

Sasa tuje kwako. Unaniandikia kwamba bafu lako huko Créteil, Ufaransa, limeota ukungu mweusi, kabati linanuka unyevu, na kila ukifungua mlango wa jikoni kitu kinakuangukia kichwani. Nimekulea mimi na mume wangu Théodule tangu una miaka sita, halafu unaniandikia mambo haya bila haya. Sikiliza. Ukungu haupigwi vita kwa chupa za dukani zenye picha ya maua. Chukua siki nyeupe, usiichanganye na maji, nyunyiza ukutani jioni, asubuhi sugua kwa magadi na mswaki wa zamani. Kisha fungua dirisha, hata kama kuna baridi. Ukuta unataka kupumua kuliko unavyotaka dawa. Na nakuomba kwa jina la mama yako: siki usiichanganye na dawa ya klorini hata siku moja. Vikikutana vinatoa moshi wa kukutia hospitalini.

Kabati litoe vitu vyote, vyote kabisa, uvimwage kitandani. Usirudishe kitu mpaka ukishike mkononi na ukijue kazi yake. Chupa ya jemu ni ya kuwekea mbaazi. Shati lililochakaa ni matambara sita na vifungo vinane. Maganda ya danzi yaloweke kwenye siki wiki mbili, utapata maji ya kusafishia jiko yanayonukia vizuri kuliko wewe. Kila kitu kina kazi ya pili, Ketty, hiyo ndiyo sheria ya nyumba hii na unaijua. Nimekuwekea kwenye kifurushi mizizi ya vetiva, ifunge kwa uzi uitie katikati ya nguo, nondo hawatasogea. Nimekuwekea pia viazi vikuu kilo sita, vyeupe, vile vinavyopasuka vyenyewe sufuriani.

Huku maua yangu mekundu kule bustani ya chini yamechanua mpaka watu wanasimamisha gari kupiga picha.

Neno la mwisho, nalo ndilo la kwanza. Nimefika miaka sabini na sita. Wakili wa hati ananiuliza ardhi hii niandike jina la nani. Sina mtoto niliyemzaa. Kuna bwana wa mjini anaitaka ajenge nyumba za wageni na bwawa la kuogelea palepale ulipomzika paka wako. Nimemwambia wakili nitamjibu kabla ya Pasaka. Je, utaichukua bustani? Sitaki maneno mengi, nataka ndiyo au hapana.

Anayekusumbua kwa mapenzi,
Shangazi yako Eudoxie


Créteil
7 Oktoba 2018

Shangazi yangu,

Shikamoo. Sisi tu wazima. Ninasema sisi kwa sababu Jocelyn wangu anataka atajwe kwenye kila barua, la sivyo analalamika kwamba watu wa Martinique hatuwapendi watu wa Guadeloupe kama yeye. Hospitalini kazi ni ileile, wagonjwa wengi na wauguzi wachache. Baridi imeanza na jirani wa chini ameanza kugonga dari yake kwa fimbo kila nikivuta kiti.

Bafu limekuwa jeupe. Sikuamini. Nilisugua Jumamosi nzima na Jocelyn akapiga picha ukuta kabla na baada, sasa anawaonyesha watu kazini kana kwamba ni mtoto wake. Nakiri kosa moja: mwanzoni nilimimina klorini kwanza, nikakumbuka barua yako nikiwa nimeshashika chupa ya siki. Nilifungua madirisha yote, nikasuuza ukuta mara nne na kusubiri mpaka siku ya pili. Hata hivyo ile harufu ya klorini iliniangusha kitandani mpaka jioni. Siku hizi harufu yoyote inanishinda, hata kahawa.

Kabati nimelimwaga kama ulivyoagiza. Nimekuta nguo za kuogelea nne na mimi sijaogelea tangu mwaka 2011! Vetiva iko katikati ya mashuka. Usiku nikigeuka nasikia harufu ya chumba chako, nabaki macho wazi nakufikiria.

Viazi vimefika. Asante sana.

Kwenye kibaraza changu cha hatua mbili nimepanda kitunguu cha majani, mchaichai na pilipili moja yenye kiburi. Mboji natengeneza kwenye ndoo, maganda na karatasi, kama tulivyofanya. Jocelyn anasema inanuka. Inanuka udongo, namwambia, wewe umezoea lami.

Halafu, kwa kuwa umenifundisha kumwaga kabati, nami nakufundisha wewe. Kile kibanda cha vifaa nyuma ya nyumba, ulikifunga kufuli tangu Tonton Théodule alipofariki, na mwaka ule nilipokuja ulinikataza hata kuazima reki. Mwite Gaston, mtoe kila kitu, mshike kila kitu mkononi. Na nilitaka kukuuliza siku nyingi, kwa nini siku hizi huna kuku? Ulikuwa huwezi kuishi bila kuku.

Swali lako la bustani nimelisoma. Nitakujibu.

Mwanao,
Ketty


Fond-Bambou
4 Novemba 2018

Ketty,

Nimepokea. Mimi mzima, goti vilevile. Juzi ilikuwa siku ya marehemu na makaburi yote ya Lorrain yaling'aa. La Théodule nililisugua siku tatu mfululizo, kwa mchanga wa mto na ndimu, bila tone la sabuni ya dukani, kisha nikapaka chokaa mpya. Mke wa fundi wa magari, unamjua, yule mwenye mdomo, alipita akaniambia: "Mama Doxie, kaburi la mumeo safi kuliko jiko langu." Nikamwambia: "Jiko lako nalijua, mama, hukunisifia kitu." Gaston alicheka mpaka meno yakahama.

Umeniandikia kwamba viazi vimefika. Ketty, kiazi kikuu hakifiki posta. Kinafika sufuriani, kinafika kwenye samaki wa chumvi na mafuta na pilipili, kinafika tumboni, halafu mtu anachukua kalamu anaandika: Shangazi, vilipasuka. Wewe umeandika "vimefika, asante sana" kama karani. Na harufu ya kahawa inakushinda tangu lini? Wewe niliyekulea kwa kahawa ya maziwa? Sikuulizi kitu. Nimeuliza tu.

Pilipili yenye kiburi inataka kunyimwa maji siku mbili, itazaa. Wadudu wadogo wa kijani wakija, tengeneza maji ya sabuni ya kipande, kijiko kimoja kwenye lita moja, nyunyiza chini ya majani, maana juu hawakai. Majivu kuzunguka chungu kwa ajili ya konokono, ingawa sidhani konokono atapanda ghorofa saba kwa ajili ya pilipili moja.

Kuku walinichosha. Ni hivyo tu.

Kibanda kiache. Kila kitu katika nyumba hii nakijua kazi yake ya kwanza na ya pili, na sihitaji mtu wa Créteil anipangie.

Umesema utanijibu. Novemba imeingia. Yule bwana wa bwawa alipita tena na mkewe. Walipima bustani yangu ya chini kwa hatua za miguu huku wanapiga soga, na mimi nimesimama palepale kama gogo. Nikajiona nimekufa na watu wanagawana.

Shangazi


Créteil
2 Desemba 2018

Shangazi,

Shikamoo. Leo salamu zitakuwa fupi kwa sababu nikizirefusha nitapoteza ujasiri. Wote wazima.

Nina mimba. Miezi minne kasoro. Nina miaka thelathini na minane na madaktari walishaniambia nisitegemee, ndiyo maana sikutaka kusema mpaka nione imekaa. Imekaa. Jocelyn analia kwenye basi, watu wanamuuliza kama amefiwa.

Sasa la pili, na hili utanichukia. Viazi vyako sikuvila. Nilivitupa. Hapa kazini kuna mkunga wa kwetu, na siku nilipomwambia nina mimba, swali lake la kwanza lilikuwa: "Unakula viazi vya nyumbani? Vya wapi?" Nikasema Lorrain. Akanieleza mambo ya ile dawa ya fukusi iliyokuwa inamwagwa kwenye migomba, kwamba imekatazwa tangu miaka ya tisini lakini iko udongoni mpaka leo, inaingia kwenye kila kinachokua chini ya ardhi, na kwamba kwa mtoto wa tumboni si kitu cha kuchezea. Nilirudi nyumbani nikavitazama vile viazi juu ya meza. Ulivifunga kimoja kimoja kwa gazeti. Nilivitia kwenye mfuko, nikashuka ghorofa saba, nikavitupa, nikapanda nikaandika "vimefika". Nimeona aibu toka siku ile.

Yule mkunga aliponieleza nilikumbuka kitu. Nakumbuka Tonton Théodule anarudi kutoka kwenye shamba kubwa la migomba, mikono myeupe mpaka kwenye viwiko, anacheka, anasema: "Tazameni, nimekuwa mzungu!" Nakumbuka kopo la maziwa mazito lililokatwa, na mimi nikilibeba nyuma yake, bustani ya chini, anamwaga kopo moja kila mgomba, nusu kopo kila jimbi. Nilikuwa na miaka minane. Shangazi, ile haikuwa dawa ya kule shambani tu. Ilikuja nyumbani.

Nataka kusema ndiyo. Ningependa mtoto wangu akimbie hapo ninapopajua. Lakini siwezi kumchukulia mtoto bustani ambayo sijui ndani yake kuna nini. Kuna watu wanapima udongo bure, tafadhali waite. Na niambie kibandani kuna nini.

Ketty


Créteil
27 Januari 2019

Shangazi,

Wiki nane sijapata barua. Krismasi imepita, mwaka mpya umepita. Nimepiga simu mara kumi na moja na imeita chini ya kitambaa chake. Nimempigia Gaston. Ameniambia: "Mzima huyo, anagonga misumari tangu asubuhi, usimwambie nimesema." Misumari ya nini?

Mtoto ni wa kike. Anapiga teke nikila pilipili.

Kama nimekukosea, nitukane, lakini niandikie. Ukimya wako siuwezi.

Ketty


Fond-Bambou
17 Februari 2019

Ketty, mama mtarajiwa,

Mimi mzima, na nimelia, kwa hiyo salamu zimekwisha. Mtoto wa kike! Nilikwenda kumwambia Théodule kaburini kabla sijamwambia padri. Weka miguu juu jioni, usinyanyue ndoo, na kama Jocelyn anataka kulia, alie huku anaosha vyombo.

Hukunikosea. Nimeandika barua hii mara tano na zile nne nimewashia moto.

Tuanze na viazi. Umetupa viazi visafi vya Gaston, kilo sita, nilivyobeba mwenyewe kutoka mlimani na goti hili! Ardhi ya Gaston haikuwahi kuona mgomba wa kampuni, ilikuwa msitu. Udongo wake umepimwa na karatasi ameitundika sebuleni karibu na picha ya Bikira Maria. Mimi sijachimba kiazi kwangu tangu mwaka 2009. Miaka tisa nanunua viazi kama mtu wa mjini, naviingiza nyumbani kwa mlango wa nyuma majirani wasione, mimi Eudoxie ambaye Lorrain nzima inakuja kuomba mbegu.

Umeelewa sasa. Mwaka 2009 walipita watu wa kupima. Waliuliza tunakula nini, kuku wanadonoa wapi, marehemu alifanya kazi gani. Walichukua udongo bustani ya juu na bustani ya chini. Ya juu ilikuwa nzuri kiasi. Ya chini, yule binti aliyeniletea karatasi alishindwa kunitazama usoni. Kuku niliwachinja wiki ileile nikawazika, kwa sababu kuku anakula udongo na yai linabeba kila kitu. Majimbi niling'oa yote. Nikapanda maua. Ulipokuja ukaniuliza mbona maua mengi, nikasema uzeeni nimependa rangi. Maua siyapendi kiasi hicho, Ketty. Hayaliwi.

Kwa nini sikukwambia? Kwa sababu ya mikono yake. Wewe umeikumbuka vizuri, ila hukujua kwamba ile dawa ilikuwa zawadi. Msimamizi aliwapa wale wachapakazi hodari peke yao mfuko wa kupeleka nyumbani. Théodule alikuja ameukumbatia kifuani kilomita tatu, amevaa shati la mikono mifupi, akauweka hapa mezani ninapoandikia, akasema: "Doxie, mwaka huu fukusi atatutambua." Na kweli, ndizi zilikuwa kubwa mwaka ule. Nilimsifu. Nilimpikia. Alipougua ule ugonjwa wa wanaume, saratani ya tezi, na kufariki ndani ya miezi saba, daktari hakusema ni kwa sababu gani nami sikuuliza. Alijaza sumu katika bustani ya nyumba yake mwenyewe kwa mapenzi, na mimi nikishika kikapu. Nisingeweza kukuandikia jambo hilo wewe uliyembebea kopo. Nilitaka umkumbuke anacheka.

Nilitaka pia kukutega, na hili naliombea radhi. Nilitaka uniambie ndiyo kwanza, halafu ndipo nikueleze. Huo ulikuwa wizi. Barua yako ilinivua nguo, nikakasirika siku tatu, siku ya nne nikachukua ufunguo.

Kibandani kulikuwa na mfuko. Nusu mfuko, na kopo lake la maziwa juu yake, kama alivyouacha. Miaka yote hiyo mimi ninayewafundisha watu kutupa na kutunza sikujua nifanye nini nao. Kuzika ni kurudia kosa. Kuchoma ni kuwapelekea majirani. Kutupa mtoni, hapana, mto ule unakwenda kwa watu. Kila kitu kina kazi ya pili, nilikuwa nakwambia, na hatua ishirini kutoka kitandani kwangu kulikuwa na kitu kimoja kisichokuwa nayo. Basi nilikifungia kufuli nikapanda ua la kutambaa mlangoni.

Nimekwenda ofisini kwa wale wa kupima udongo nikasema. Mbele ya foleni, kwa sauti, ili nisipate njia ya kurudi nyuma. Walikuja Januari, vijana wawili waliojifunika mavazi meupe mwili mzima, glavu mbili mbili, barakoa zenye vichujio viwili, na pipa la kufunga kwa bolti. Waliubeba ule mfuko kwa koleo refu. Niliwaambia: "Mume wangu aliubeba kifuani." Mmoja akavua barakoa nje ya lango akanisalimia upya, kwa heshima, kama vile tumekutana msibani. Kopo pia wamechukua. Nililitaka, nikaliacha.

Sasa ile misumari aliyokwambia Gaston. Bustani ya juu nimejenga masanduku marefu ya mbao, yana sakafu na miguu, hayagusi ardhi, urefu wa kiuno ili goti lisipige kelele. Watu kumi na wawili walikuja kunisaidia Jumamosi mbili, ngoma ikapigwa kama zamani, nikapika mchuzi wa mbaazi sufuria mbili. Udongo umetoka kwa Gaston, mboji yangu ya majani na maganda ya nazi, matandazo juu ili maji yasikauke. Karoti, vitunguu, majimbi, vyote humo. Ukutani na juu ya waya nimepandisha mashushu na pasheni. Sheria yangu mpya ni rahisi hata kwa mtu wa Guadeloupe: kwenye ardhi yetu kinachoning'inia tunakula, kinacholala chini hatuli. Mbaazi, ndizi, ndimu, maembe, hayo hayana neno, waliniandikia wenyewe. Karatasi za vipimo nimekutilia ndani ya bahasha hii, zote mbili, ya zamani na ya mwezi uliopita. Zisome na mkunga wako.

Bustani ya chini sijui niifanye nini. Miaka mia kadhaa, waliniambia, kabla haijasafika. Naitazama asubuhi nikinywa kahawa, na siku nyingine nageuza kiti.

Swali nalifuta. Jibu utakapotaka, hata ukisema hapana utabaki mwanangu. Wakili nimemwambia asubiri. Yule bwana wa bwawa nilimwonyesha karatasi na nikamwona mkewe anatembea kwa ncha za vidole mpaka garini.

Eudoxie wako


Créteil
24 Machi 2019

Shangazi yangu,

Shikamoo mara mia. Barua yako ilichukua wiki tatu, posta walikuwa wamegoma, na niliisoma mara mbili: mara moja peke yangu, mara moja kwa sauti mbele ya Jocelyn. Alisema: "Huyo mzee ni jeshi." Halafu aliosha vyombo.

Karatasi nimempelekea mkunga. Alizisoma, akasoma na maelezo yako ya masanduku, akaniuliza kama unaweza kumwandikia mama yake aliyeko Basse-Pointe.

Viazi vya Gaston, nisamehe. Nitakula kilo sita mbele yake.

Tonton ninamkumbuka anacheka. Hukuniharibia. Alikuwa amepewa kitu na watu waliojua kusoma maandishi ya kwenye mfuko, yeye hakujua, na alitupatia sisi kilicho bora kwake. Hasira zangu nimezipeleka kunakostahili, nazo ni nyingi, ila hakuna hata moja iliyomwendea yeye wala wewe. Niliposoma kuhusu ule mfuko kifuani nililia kwa sauti mpaka jirani wa chini akagonga fimbo.

Jibu langu ni ndiyo. Andika jina langu. Bustani ya juu na ya chini, kibanda, maua, waya, sheria yako ya kuning'inia. Sikusema ndiyo kwa bustani nzuri niliyoikumbuka, nimesema kwa hii iliyoko kwenye karatasi. Tutakuja Desemba, mtoto akiwa na miezi saba, na Jocelyn ameanza kutafuta kazi Fort-de-France.

Una kazi moja. Kitovu changu ulikizika chini ya mnazi wa bustani ya chini, ulinionyesha nikiwa mdogo. Cha mwanangu kitazikwa wapi? Fikiria, usiniandikie haraka.

Ketty


Créteil
2 Juni 2019

Shangazi,

Ulipokea simu! Mara moja tu, tarehe kumi na sita Mei, na ukapiga kelele: "Nani amekufa?" Nilisema amezaliwa. Sasa naandika kama watu walio hai. Tumemwita Théodora. Jocelyn alikuwa na jina lake, tukalijadili, likashindwa. Ana vidole virefu na sauti ya mke wa fundi wa magari. Nguo zake naosha kwa sabuni ya kipande na siki kidogo kwenye maji ya mwisho, laini kuliko za dukani, na kabati lake lina vetiva.

Ndani ya barua hii ya rejista kuna kiberiti. Usikifungue posta. Kitovu chake kilidondoka siku ya tisa, nimekikausha kwa chumvi. Mtu wa posta aliniuliza thamani ya kilichomo, niandike kiasi gani. Nikaandika: hakina bei.

Mahali utachagua wewe.

Ketty


Fond-Bambou
23 Juni 2019

Ketty na Théodora,

Kiberiti kimefika. Nilikibeba kifuani kutoka posta.

Mimi mzima, na leo nitataja hata goti, limenyamaza. Gaston amekuja na mche wa mshelisheli, mrefu kama wewe ulipokuwa na miaka sita. Alidhani tunakwenda bustani ya juu, penye udongo safi. Nikamwambia hapana, teremka. Alinitazama. "Kule chini, Doxie? Kule?" Nikamwambia mshelisheli unazaa juu, na shelisheli halijui fukusi wala mfuko. Tulivaa glavu na mabuti, tukachimba katikati ya maua, hatua tatu kutoka mnazi wako, palepale Théodule alipomwaga kopo la kwanza, maana mahali hapo sijawahi kupasahau. Nikaweka kiberiti. Gaston akashika mche, mimi nikarudisha udongo kwa mikono miwili, wote, ule ule.

Nilikuwa nimekwambia kuna kitu kimoja hapa kisicho na kazi ya pili, na moyoni nilihesabu viwili: mfuko na ile ardhi. Nilikosea hesabu. Mfuko umekwenda zake. Ardhi ina kazi, nayo imeanza Ijumaa saa tatu asubuhi.

Wakili ameandika jina lako. Masanduku yana karoti. Kuku nimeagiza wanne, watakaa kwenye sakafu ya saruji kama mabibi.

Mshelisheli unazaa baada ya miaka minne au mitano. Mimi nitakuwa na themanini na kidogo, sina haraka. Mwambie Théodora aote meno.

Shangazi yenu,
Eudoxie